Taa Zilizokesha Peke Yao

Lori lilikohoa mara moja, likanyamaza. Dereva akazungusha ufunguo tena, na safari hii halikukohoa hata. Kilisikika kimlio kidogo tu, kama mtu anagonga kikombe kwa ukucha, halafu kimya.

Ndani ya nyumba mkewe alikuwa ameshaamka. Mwanamke aliyeolewa na dereva huijua hali ya gari kwa sikio, na kimlio kile kilimtoa kitandani kabla mumewe hajafungua mlango wa lori. Akatoka nje amejifunga shuka, miguu mitupu.

"Limegoma?"

"Halijagoma. Betri haina kitu."

"Tena?"

"Mama watoto, usinihoji kwenye giza."

Dereva akazunguka nyuma na kufungua bodi, ile bodi ya bati kama chumba yenye milango miwili, ambamo kila alfajiri hubebwa kreti za mikate ya kiwanda. Ndani, taa mbili ndefu za LED zilikuwa zinawaka. Mwanga ulikuwa hafifu, unatetemeka, kama macho ya mtu aliyekesha na mgonjwa. Zilikuwa zimekesha peke yao humo ndani, milango imefungwa, hakuna wa kuziona, zikinywa betri taratibu mpaka ikakauka.

"Cheche!" dereva akaita. "Cheche, njoo uone kazi yako!"

Cheche ndilo jina alilopachikwa binti yao mkubwa siku alipochokonoa soketi ya ukutani akiwa mdogo, na sasa alikuwa anajifunza umeme wa magari kwenye gereji moja. Taa zile zilinunuliwa kwa sababu uwanja wa kiwanda ni giza na wapakiaji walikuwa wanaangusha kreti. Mwanzoni ziliwashwa na kuzimwa kwa swichi ndogo chini ya usukani. Siku moja dereva aliisahau swichi, betri ikafa, mikate ikachelewa. Ndipo Cheche akaomba afunge kitu cha kuzizima zenyewe, na baba yake, baada ya kusitasita sana, akamruhusu. Aliimaliza kazi juzi yake jioni, na lilikuwa gari la kwanza kulishika bila mkubwa wake wa gereji kusimama nyuma yake.

Binti akachungulia ndani ya bodi. Mkono wake ulishika mdomo.

"Si ulisema zitajizima?" baba akauliza.

"Zinajizima, Baba. Tulijaribu mbele yako."

"Basi hizi zinazowaka ni za nani?"

*

Majirani walitoka kusukuma. Ndivyo ilivyo mtaani, watu hawakosi kusaidia, ila msaada wao huja na maneno.

"Mzee, lori lako linatumia dizeli au linatumia sisi?" mmoja akauliza huku bega lake likiwa kwenye bati.

"Sukuma, acha kuongea."

"Naongea ili nipate nguvu."

Mbele yao, mdogo wake dereva alikuwa anaelekeza kwa mikono yote miwili bila kusukuma. Huyu aliishi chumba cha uani, na mtaa mzima ulimwita Profesa, maana hakuna jambo ambalo halijui. Yeye ndiye aliyezifunga taa zile mara ya kwanza, na Cheche alipopewa kazi hiyo alinuna wiki nzima.

"Nilisema mimi," akawa anasema. "Nilisema waya ni waya, unatoka kwenye betri unakwenda kwenye taa, kwisha. Sasa mmeweka na vidude vya kufikiri. Waya hautakiwi kufikiri!"

Lori likapata mteremko, likashtuka, likatoa moshi mweusi na kuondoka. Cheche alibaki barabarani amesimama, watu wakimpita wakirudi majumbani. Mmoja akamgonga begani kwa utani, akasema, "Fundi, pole." Neno hilo la fundi lilimchoma kuliko tusi.

*

Kwenye uwanja wa kiwanda, kreti za dereva zilikuwa zimeshapanda lori la mwenzake, dereva mmoja mnene waliyemwita Kipara. Msimamizi wa upakiaji alikuwa amesimama mlangoni, kalamu sikioni.

"Shikamoo ya kuchelewa siitikii," akasema kabla hajasalimiwa.

"Bosi, betri tu. Dakika chache."

"Duka linafunguliwa asubuhi, watu wanataka mkate wa asubuhi. Mkate ukifika jua limekuwa kali, mwenye duka ananipigia mimi, hakupigii wewe. Hii ni mara ya pili. Mimi sina ugomvi na wewe, mzee wangu, umefanya kazi vizuri. Lakini ikitokea tena, njia yako anaichukua huyu moja kwa moja."

"Mimi sijaomba," Kipara akasema, na uso wake ulionyesha kwamba akipewa hatakataa. Kisha akauliza, kwa upole uliozidi, "Lakini hizo taa ulifungiwa na nani?"

"Binti yangu."

Wapakiaji wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, ungempa shati akushonee, lori ungetuletea sisi." Dereva akatabasamu kidogo ili asionekane ameumia. Akakaa kwenye ngazi ya lori lake tupu, akitazama mikate yake ikiondoka na mtu mwingine. Njia ile ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Hakuwa na nyingine.

*

Aliporudi mchana alihakikisha kila swichi imezimwa, na hakula. Mkewe alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, anashona sare za shule, na alisimamisha gurudumu aliposikia anavyofunga mlango wa gari.

"Cheche atoe vitu vyake kwenye gari langu," dereva akasema. "Leo hii. Na asiliguse tena."

"Baba, naomba nikuonyeshe tu," binti akasema. Alikuwa ameomba ruhusa gereji, amekaa kumsubiri. "Nikionyesha zikabaki zinawaka, natoa mwenyewe."

Profesa naye akasogea. Wakafungua milango ya bodi ili wote waone. Cheche akaweka ufunguo, akawasha swichi ya gari, taa zikawaka. Akarudisha ufunguo nyuma, zikazimika, na kule mbele ukasikika mlio mdogo, tik. Mlio huo ulitoka kwenye kidude cheusi ambacho mafundi wanakiita rilei. Kazi yake ni kusubiri amri. Ufunguo ukisema washa, kinapitisha umeme, na ufunguo ukisema zima, kinakata. Akarudia. Zikawaka, zikazima.

"Mnaona?"

"Mchana zinakutii," Profesa akasema. "Usiku zinafanya zinavyotaka. Umeme una tabia zake."

"Baba mdogo, umeme hauna usiku."

"Usinifundishe, nilishika waya hujazaliwa."

Ndipo Cheche akaenda kwenye boksi lake la vifaa, akatoa kipande cha waya mwekundu na kumpa mama yake.

"Huu ndio waya wa zamani, niliutoa. Ulipitishwa kwenye tundu la bati bila mpira. Na ulitoka kwenye betri moja kwa moja, hauna fyuzi."

Mama aligeuza waya ule vidoleni. Upande mmoja plastiki ilikuwa imelika kabisa, shaba inang'aa kama jeraha bichi, na pembeni yake kulikuwa na weusi wa kuungua. Akatazama lori. Lori hulala limeegemea ukuta wa chumba cha watoto, na tangi la dizeli liko upande huo huo.

Hapa wenye magari wasikilize vizuri, maana huyu mama nusura asikilize akiwa amechelewa. Waya ukisuguliwa na bati kila siku, utafika siku shaba iguse bati. Kama kuna fyuzi karibu na betri, fyuzi itakatika, utanung'unika, utanunua nyingine. Kama hakuna, waya wenyewe ndio unaogeuka kuwa moto, na moto haubishi hodi.

"Shemeji," mama akasema, sauti yake imeshuka. "Huu waya ulikuwa unalala na wanangu?"

"Mbona haujaungua sasa?"

"Unangoja uungue ndio ujue?"

Profesa akatazama viatu vyake. Dereva akauchukua waya, akautazama muda mrefu, akautia mfukoni. Hasira yake haikuisha, ila ilikosa pa kukaa.

"Sawa," akasema. "Lakini hiyo ya moto ni moja, na ya betri ni nyingine. Kesho nikikwama, hatuna kazi."

"Tumia ile swichi yako ya chini ya usukani," Profesa akasema.

"Ile ile aliyoisahau?" mama akauliza, na hata dereva akashindwa kujizuia kucheka kidogo.

Jioni ile walikubaliana kufungua waya kwenye nguzo moja ya betri kila usiku ili ilale bila kazi. Dereva akafanya hivyo mwenyewe kwa spana, na alfajiri lori likawaka. Lakini kila mtu ndani ya nyumba alijua kwamba mtu aliyesahau swichi atasahau na spana.

*

Cheche hakulala vizuri. Wakati baba yake anakunywa chai kabla ya kuondoka, alimfuata mezani.

"Baba, ukirudi leo nichukue pale kona. Nifungie ndani ya bodi, endesha kama kawaida, halafu ingia nyumbani kama unavyoingia siku zote. Usibadilishe kitu. Usifanye kwa sababu yangu."

"Ufungiwe ndani ya bodi?" mama akadakia. "Mtoto wa watu, ukikosa hewa?"

"Mama, kutoka kona mpaka hapa ni mwendo wa kutema mate."

"Na akisahau kukufungulia? Huyu baba yako ninayemjua mimi?"

"Nitagonga."

Dereva akamtazama binti yake. Alitaka kukataa. Lakini jana usiku alikuwa ameona mwanga chini ya mlango wa binti, amejua anapekua waya zake sakafuni, na jambo hilo lilimkaa moyoni. "Haya," akasema. "Mara hii tu."

Mchana mama hakushona. Alisimama dirishani, uzi mdomoni. Lori likaja, likasimama mbele ya geti likinguruma. Dereva akashuka, funguo mkononi, akafungua kufuli ya geti, akasukuma mabati mawili. Akapanda, akaingiza lori, akavuta kitu, injini ikatulia. Akashuka, akafunga geti, akaenda bombani kunawa uso.

Ndani ya bodi kukagongwa.

"Zinawaka!" sauti ya Cheche ikatoka kwenye bati. "Baba! Zinawaka mchana kweupe!"

Mama alikuwa ameshafika kabla ya mumewe. "Fungua! Fungua, mtoto anaiva!"

Milango ikafunguliwa, na kweli, taa zilikuwa zinawaka bila haya. Cheche akaruka chini, jasho limemjaa usoni, lakini macho yake yalikuwa yameamka kwa namna ambayo mama hakuiona tangu asubuhi ile ya kusukuma.

"Baba, ufunguo wa gari uko wapi?"

"Huu hapa." Akautoa mfukoni. Ulikuwa umefungwa kwenye pete moja na ufunguo wa geti.

"Gari ulilizima na nini?"

"Na waya wa kuzimia." Akaonyesha kile kishikio cha chini, ambacho kwenye malori ya zamani ukikivuta unaikatia injini mafuta. "Nazima hivyo siku zote."

"Na ufunguo uliutoa lini?"

"Pale getini. Si ndio wenye ufunguo wa kufuli?"

"Gari likiwa linanguruma?"

"Huu ufunguo unatoka popote, mwanangu. Umelika. Ukitaka unautoa hata kwenye kona."

Cheche akapanda kwenye usukani na kutazama. Swichi ya gari ilikuwa imebaki pale pale pa kuwasha. Kwa injini, gari lilikuwa limezimwa. Kwa rilei, dereva alikuwa bado yuko safarini. Na vile vitaa vidogo vya dashibodi ambavyo vingemwambia mtu kwamba swichi haijarudi, vilikufa siku nyingi, hakuna aliyejali kuvibadilisha.

"Nilipokuonyesha, nilizima kwa ufunguo," Cheche akasema polepole. "Na wewe ukaona zinazima. Lakini wewe huzimi hivyo. Na mimi sikukuuliza."

"Mimi nilidhani kuzima ni kuzima."

Mama akakaa kwenye ngazi ya mlango, mkono shavuni. "Na mimi niko dirishani kila siku. Namwona anashuka na funguo, gari linanguruma nyuma yake. Nimeona mpaka nimezoea."

Hakuna aliyekuwa amedanganya. Ndiyo mambo yanayopoteza kazi za watu hayo, yale ambayo kila mtu anayafanya mbele ya kila mtu, na kwa kuwa yamezoeleka, hakuna anayeona kwamba yanahitaji kutajwa.

*

Kuzitenganisha zile funguo mbili hakungesaidia, maana ule uliolika ungetoka vile vile swichi ikiwa imewashwa. Profesa akasema wanunue swichi mpya ya ufunguo. Dereva akatikisa kichwa. Swichi mpya ingemlazimu kuzima gari nje ya geti, afungue, apige stata tena, na betri yenyewe imeshachoka kwa mikasa. Cheche akasema angeweza kuchukua amri kutoka kwenye injini, injini ikizima na taa zizime. Baba akakataa tena, maana kwenye uwanja wa kiwanda wanapakia injini ikiwa imezimwa.

"Basi haiwezekani," Profesa akasema, na alionekana kuridhika kidogo.

"Ngojeni," mama akasema. "Mimi sijui waya. Lakini niambieni kitu kimoja. Milango hiyo ikifungwa, taa za ndani zinamsaidia nani? Mikate inasoma gazeti?"

Dereva akacheka. Cheche hakucheka. Alikuwa anaitazama milango.

"Mama," akasema. "Rudia."

"Nirudie nini? Nimesema mikate haisomi."

"Kama friji," Cheche akasema, na akaanza kukimbilia boksi lake. "Ukifungua inawaka, ukifunga inazima! Ufunguo wa nini? Amri itoke mlangoni!"

Gereji walimpa kitufe cha mlango kutoka kwenye gari dogo lililokatwa vipuri. Alikifunga kwenye fremu ya mlango wa bodi, mahali ambapo mlango ukifungwa unakibonyeza. Waya akaupitisha ndani ya bomba la plastiki, na kila tundu la bati akalivisha mpira. Mama alisimama juu yake muda wote.

"Fyuzi umeweka?"

"Nimeweka, Mama."

"Karibu na betri?"

"Karibu na betri."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Mama akaigusa kwa kidole, kama anayemgusa mtoto paji la uso kuona kama homa imeshuka.

Walipomaliza, Cheche akajiandaa kuingia ndani ya bodi. Baba yake akamshika mkono.

"Hapana. Safari hii naingia mimi. Nataka kuona kwa macho yangu."

Akapanda, mzima mzima, na mvi zake. Akakaa juu ya kreti tupu katikati ya mwanga mweupe. Profesa akasukuma mlango mmoja, Cheche mwingine, na komeo likalia. Watu wa nyumba wakatega sikio kwenye bati.

"Baba?"

Kimya.

"Baba watoto, unaona nini?"

"Giza!" sauti ikatoka ndani, imejaa furaha kama ya mtu aliyeokota kitu. "Giza tupu! Sioni hata mkono wangu! Jamani, ni giza zuri!"

"Tumwache kidogo," mama akasema. "Tangu nimeolewa sijawahi kupata utulivu kama huu."

Profesa ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akamwambia Cheche, bila kumtazama usoni, "Huo mpira wa kwenye tundu, unauzwa wapi?"

"Nitakuletea, Baba mdogo. Ninao wa ziada."

*

Alfajiri lori liliwaka kwa mguso wa kwanza. Mama alisimama nyuma ya pazia akisikiliza ngurumo ikipanda barabara, ikapinda kona, ikapotea. Alitaka kwenda kumwamsha Cheche amwambie. Alifika mpaka mlangoni, akamkuta amelala chali, mdomo wazi, mikono bado ina grisi. Akamwacha.

Kiwandani dereva alifika kabla ya msimamizi. Wapakiaji walipovuta milango ya bodi, mwanga ukamwagika uwanjani na mmoja akaruka nyuma. Walipomaliza wakafunga, uwanja ukarudi gizani. Wakafungua tena, hivi hivi tu, kwa kucheza. Msimamizi akatokea na kalamu yake sikioni.

"Mnachezea mlango au mnapakia?" Akatazama kreti zilizopangwa, akamtazama dereva. "Haya, ondoka, mzee wangu. Maduka yanakungoja." Siku hiyo na siku zilizofuata, habari ya kubadilisha njia haikutajwa tena.

Kipara alikuwa amesimama karibu muda wote ule, ameshika kiuno. Dereva alipokuwa anapanda garini, akamsogelea.

"Sikia, ndugu yangu. Na mimi nina taa nyuma, na juzi zimenilaza njiani. Sikusema tu. Hiyo kazi utanifanyia kwa bei gani?"

"Mimi? Mimi ni dereva." Dereva akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani. "Njoo nyumbani jioni. Bei muulize fundi mwenyewe. Na mwongeleshe vizuri."

Jioni Kipara akaja. Lori lake lilijaza mtaa, watoto wakalizunguka. Mama akatoa kiti, Profesa akatoa maneno, dereva akakaa pembeni kimya na kikombe chake cha chai. Cheche akatoka na boksi la vifaa, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo."

"Marahaba, fundi." Kipara alilitamka neno hilo kwa uangalifu. "Nimekuja. Nikufungulie wapi, mbele au nyuma?"

"Usifungue kitu kwanza," Cheche akasema. "Panda, uliwashe, ulirudishe mpaka kule kona. Halafu uje hapa, uegeshe na uzime, vile vile unavyofanya ukifika kwako."

"Kuzima tu? Kila mtu si anajua kuzima gari?"

Dereva alikohoa ndani ya kikombe chake. Kipara akamtazama baba, akamtazama binti, akaona hakuna anayetania. Akakwea lori lake, akaliwasha, na Cheche akasimama katikati ya njia, macho yake yakifuata mikono ya yule mtu mzima kwenye usukani.